Usinitumie tena picha ya tofali

Jana saa tano usiku simu ililia nikiwa nimeshazima pangaboi la studio na ufunguo uko mkononi. Ujumbe wa WhatsApp, kutoka kwa kijana wa bendi niliyoifanyia masta (ile kazi ya mwisho ya kuiweka sawa sauti kabla albamu haijatoka) wiki mbili zilizopita. Hakuna shikamoo wala habari za usiku. Picha tu: wimbi (mchoro wa sauti) la wimbo wa kwanza wa albamu yao, limejaa toka juu mpaka chini kama tofali la saruji, na chini yake maneno mawili: "Dada umetuua."

Nikampigia hapo hapo. Umesikiliza? "Bado dada, nimefungua kwenye kompyuta nikaona." Ameona! Basi siku hizi muziki unatazamwa.

Huyu ni wa nne tangu Idi. Wa kwanza nilimweleza kwa upole, wa pili nilimchorea kwenye karatasi, wa tatu nilimnyamazia. Kwa huyu nimeamua kuandika, na yeyote atakayenitumia picha ya tofali baada ya leo nitamrudishia maandishi haya bila hata kumsalimu.

Imani yenyewe mnaijua. Wimbi likiwa na miiba kama mgongo wa nungunungu, hiyo ni kazi ya fundi anayejua. Wimbi likiwa tofali, limita (kizuizi cha vilele vya sauti) imekanyaga kila kitu, dainamiki (tofauti ya sauti kubwa na ndogo) imekufa, albamu imeharibika, na aliyemasta afungwe. Kwa roki ndiyo usiseme, maana watu wa roki wana orodha ya albamu "zilizouawa" na wanaisoma kama watu wasomavyo majina ya mashahidi. Kinachoniudhi ni kwamba nusu ya maneno yao ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoibeba nusu nyingine mgongoni.

Kwanza picha. Wimbo wa dakika 4 ukiuonyesha wote kwenye skrini yenye vitone 1,000 kwa upana, kila kitone kimebeba karibu robo sekunde ya muziki. Kwa roki ya mapigo 120 kwa dakika, ndani ya kila robo sekunde kuna kiki (ngoma kubwa ya mguu), au snea (ile ndogo yenye mlio mkali), au walau sahani ya shaba ya mpiga ngoma. Programu inachukua kilele cha juu kabisa ndani ya hicho kitone na kuchora mstari. Sasa mpiga ngoma asiyepumzika utegemee achore nini, mtaro? Kuza picha mpaka uone sekunde moja tu ndipo tuanze kuzungumza. Na hata hapo bado ni picha.

Pili gitaa, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wote wanapopotea.

Gitaa la roki limeshabanwa, yaani sauti yake kubwa na ndogo zimeshakaribishwa, kabla halijafika kwenye maikrofoni. Ule mngurumo mnaoupenda ni nini? Ni amplifaya ya taa imepewa umeme mwingi kuliko inavyoweza kutoa. Inashindwa, inakata vichwa vya mawimbi. Kule kukata vichwa kunazaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwamo kwenye nyuzi, na pia kunafuta tofauti kati ya pigo la nguvu na pigo dogo. Ndiyo maana noti ya gitaa safi inafifia mara moja, na ya gitaa lenye distosheni inaendelea kulia mpaka ukachoka wewe. Chora wimbi la gitaa hilo peke yake, bila ngoma wala mwimbaji, uone. Ni tofali. Tofali, na mimi sijagusa kitu, hata kompyuta sijawasha. Roki yote imejengwa juu ya kifaa kinachofanya kwa makusudi kile mnachokiita mauaji.

Tanga yetu, mji uliotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, si mgeni wa gitaa la umeme. Lakini magitaa yale ya Ngamiani yalilia safi, kila noti ina kucha zake, na ukiyabana unaua kitu kweli. Gitaa la roki huwezi kulibana zaidi ya lilivyojibana lenyewe. Ukilipitisha kwenye limita halijali, limeshazoea.

Kwa hiyo kwenye roki anayeumia ni mpiga ngoma. Snea iliyorekodiwa vizuri, katika milisekunde zake za mwanzo, inaweza kupanda desibeli 12 au 14 juu ya wastani wa muziki wote. Sikio halisikii kilele hicho kama ukubwa wa sauti, kwa kuwa ni kifupi mno. Linasikia kofi. Sasa njoo na limita, ambayo huchungulia mbele kidogo, ikaona kofi linakuja, ikashusha kila kitu kwa hiyo nukta, kisha ikarudisha. Desibeli 2 au 3 za mwanzo hakuna anayejua kwamba zimeondoka. Mara nyingi kazi inashikana vizuri zaidi, na mteja anakuambia "hapo sasa". Ukiendelea, kofi linageuka kuwa karatasi iliyoanguka. Na kwa sababu limita imeshusha kila kitu, gitaa na sauti ya mwimbaji navyo vinazama kila snea inapogonga, vinaibuka, vinazama, wimbo mzima unahema kama mtu aliyepanda baiskeli kutoka Pongwe na upepo uko usoni. Ukiiharakisha limita iachie upesi ili isiheme, inaanza kufuata mizunguko ya besi yenyewe na besi inakwaruza. Huna pa kukimbilia. Ni kama kukamua chungwa la Muheza. Mwanzo unatoka utamu, ukizidi kukaza mkono unatoka uchungu wa ganda, na hakuna kengele inayolia kukujulisha kwamba umeshavuka.

Sikiliza Back in Black ya AC/DC, ya 1980, kwenye toleo la zamani. Magitaa yamebanwa, ngoma ziko huru kabisa, zinakupiga kifuani hata ukiweka sauti ndogo. Hiyo ndiyo siri ya roki kwa maoni yangu: ukuta wa gitaa uliokaa kimya mahali pake, na mtu anaugonga kwa nyundo. Masta ya kelele inauacha ukuta na kuchukua nyundo.

Tulifikaje huku? Nitakimbia. Watu walishindana kwa sauti tangu enzi za singo kwenye jukiboksi, kwa kuwa sauti ya mashine imeshapangwa na rekodi iliyokatwa kubwa ndiyo inayosikika baa nzima. Lakini sahani ya santuri ilikuwa na adabu yake. Mfereji wa sauti kubwa unakula nafasi, dakika zinapungua, na ukizidisha sindano inaruka. CD ikaja mwaka 1982 bila sindano. Ina dari moja tu, sifuri, na chini ya dari hiyo fanya utakavyo. Mwaka 1994 ikatoka limita ya kidijitali ya Waves, L1, na kuanzia hapo kila mtu mwenye kompyuta akaweza kukata vilele kwa kuburuta kidole. Mwaka 1995 Oasis wakatoa albamu yao ya pili, Owen Morris akiwa kwenye miksi (kuvichanganya vyombo vyote kabla ya masta), kubwa kuliko karibu kila kitu kilichokuwa dukani. Mwaka 1999 Californication ya Red Hot Chili Peppers ikatoka inakwaruza wazi wazi, mashabiki wakaandika maombi ya kutaka imastiwe upya. Iliuza mamilioni. Naomba hilo ulikumbuke, tutalirudia.

Halafu 2008, Death Magnetic ya Metallica. Hii ndiyo inayotajwa na kila anayenitumia tofali, na hakuna hata mmoja anayeisimulia yote.

Inasimuliwa hivi: fundi wa masta aliiharibu, na ushahidi ni kwamba nyimbo zile zile zilitoka kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zikiwa na ngoma nzima na bila mkwaruzo. Ni kweli zilitoka. Mashabiki wakalinganisha, wakaona wimbi la mchezo lina miiba na wimbi la CD ni tofali, dunia ikawaka. Lakini fikiri kidogo. Mchezo ule unahitaji gitaa peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, ili mchezaji akikosea chombo chake kinyamaze. Kwa hiyo walipewa vipande vilivyotengana, kabla ya hatua za mwisho za miksi ya albamu. Na Ted Jensen, aliyeimasta, alimwandikia shabiki mmoja kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa kufika darini. Fundi wa masta alipokea tofali. Angelifanya nini, alirudishe kuwa udongo?

Siwezi. Hakuna anayeweza. Kilele kilichokatwa kwenye miksi kimekatwa. Mkitaka ushahidi waangalieni Rush. Vapor Trails ya 2002 ilikwaruza mpaka bendi yenyewe ikakiri. Kama kosa lingekuwa la masta, wangelimasta upya wakamaliza. Hawakufanya hivyo. Ilibidi warudi kwenye nyimbo zenyewe, chombo kwa chombo, David Bottrill akaimiksi upya, na albamu ikatoka tena mwaka 2013. Miaka 11. Na sisi tunalaumu mtu wa mwisho kwenye foleni kwa sababu jina lake ndilo la mwisho kwenye kava.

Nimelisemea hili kwa ukali kwa sababu linanihusu. Vijana wengi wanaoniletea kazi hapa Tanga wanamiksi huku limita imeshawashwa kwenye njia kuu. Hawajui kwamba ipo, imekuja na kifungashio cha programu. Wanaongeza snea, snea haipandi, wanaongeza tena, kila kitu kinakwaruza, wananiletea, kisha wanasema mimi ndiye niliyebana. Mwanangu, kabla hujanitumia faili, izime ile limita ya mwisho. Ukiizima miksi ikabomoka, basi hukuwa na miksi, ulikuwa na limita.

Haya, sasa nigeuke nishike upande wa pili, maana msije mkadhani nimekuja kuwazika watu wa sauti kubwa.

Mwaka 1997 mwimbaji Iggy Pop aliimiksi upya mwenyewe Raw Power yake ya 1973, albamu ambayo David Bowie ndiye aliyeimiksi hapo mwanzo. Aliisukuma mpaka sindano za mita zikalala kwenye nyekundu, na akasema wazi kwamba ndivyo alivyotaka. Kwa kipimo chochote ni mojawapo ya albamu za roki zilizobanwa kuliko zote. Inachosha, inakwaruza, na kuna siku ndiyo peke yake ninayotaka kuisikia. Sitaki kuambiwa hilo ni kosa la kiufundi. Mtu amechagua rangi. Ukitaka kulielewa hili bila roki, njoo kwenye mkesha wa singeli. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kiki inakwaruza, kinanda kinakwaruza, MC anakwaruza kuliko wote. Mletee mtu wa singeli masta laini yenye "nafasi ya kupumua" uone atakavyokutazama. Kule hakuna aliyekuja kupumua.

Na mwaka ule ule wa Death Magnetic ilitoka Chinese Democracy ya Guns N' Roses. Fundi wao wa masta, Bob Ludwig, aliwapa matoleo kadhaa ya masta, wao wakachagua lenye dainamiki nyingi kuliko yote, akafurahi mno hata akaandika kuhusu hilo hadharani. Safi. Death Magnetic, tofali, iliingia namba moja Marekani. Chinese Democracy, yenye miiba yake yote, haikuifikia. Sisemi ukubwa wa sauti ndio uliouza. Nasema ukiniambia masikio ya watu "yanakataa" sauti iliyobanwa, nitakuuliza masikio ya watu gani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko tofali lenyewe: alama ya DR. Kuna kipimo kinachopiga hesabu ya umbali kati ya vilele na wastani wa sehemu zenye sauti kubwa, kisha kinakupa namba moja. DR12, unapigiwa makofi. DR5, unazomewa. Kuna hifadhi mtandaoni yenye maelfu ya albamu na namba zao, na watu wanaitumia kama matokeo ya kidato cha nne.

Namba hiyo inapima kofi. Nimeshasema kofi ni muhimu, sawa. Lakini neno dainamiki lina mambo mawili ndani yake, na namba moja inajifanya kuyajua yote mawili. Kuna dainamiki ya ndani ya pigo, lile kofi la snea. Na kuna dainamiki ya wimbo: ubeti umekaa chini, kiitikio kimepanda, daraja limenyamaza, mwisho umelipuka. Huyu kijana wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, dunia ikamwita Freddie Mercury, kwenye Bohemian Rhapsody ya 1975 anaanza na sauti za watu na kinanda, na mpaka magitaa yanapoingia umeshasahau kwamba unasikiliza bendi ya roki. Hiyo safari ni dainamiki ya aina ya pili. Haihitaji kofi hata moja. Unaweza kukata vilele vyote vya ngoma na bado kiitikio kikapanda juu ya ubeti. Na unaweza kuwa na DR14 kwenye wimbo ambao umenyooka kama barabara ya Segera, ubeti na kiitikio vimelingana, hakuna kinachotokea kwa dakika 4, ila snea ina kofi zuri.

Mtafiti mmoja Mfaransa, Emmanuel Deruty, alichukua nyimbo nyingi za miongo kadhaa na kuzipima kwa njia zote mbili. Umbali wa vilele na wastani ulipungua kweli tangu miaka ya 1990, kama kila mtu anavyolalamika. Lakini tofauti kati ya sehemu za chini na za juu za nyimbo haikupungua. Vita ya sauti ilikula makofi, haikula safari. Niliposoma hilo nilikaa kimya siku nzima, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia wateja kwa miaka kinyume chake.

Na kichekesho kikubwa kuliko vyote ni santuri. Mtu ananunua santuri ya albamu mpya, anairekodi kwenye kompyuta, anapima, anapata DR11. CD ya albamu hiyo hiyo ina DR6. Anatangaza: santuri ilifanyiwa masta nyingine, yenye dainamiki! Mara nyingi ni faili lile lile. Kinachotokea ni kwamba kukata na kusoma santuri kunasogeza besi na sauti za juu zisikae pamoja sawasawa kama zilivyokuwa, na vile vichwa vilivyokatwa bapa vinainama upande, vinaota ncha. Kipimo kinaona ncha, kinatoa alama. Kofi halijarudi. Ni kanga iliyopigwa pasi, ikakunjwa ovyo, na mtu anasifu marinda. Ian Shepherd, Mwingereza ambaye amepigana na kelele hizi kuliko mtu yeyote ninayemjua, hata akaanzisha siku maalumu ya kutetea dainamiki, ndiye aliyelionyesha hili mwenyewe. Yaani kamanda wa jeshi lenu anawaambia bunduki ina kasoro, na nyinyi mnaendelea kufyatua.

Kubana faili kuwa MP3 na kubana dainamiki ni vitu viwili tofauti. Sitalieleza hilo. Nimechoka.

Basi tuseme umekubali kutotazama picha na kutohesabu DR. Je, kuna faida yoyote kuipandisha albamu ya roki mpaka darini mwaka huu? Vitabu vinasema hapana, na hesabu yake ni nzuri. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inasawazisha kila kitu kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). YouTube inashusha mpaka hapo hapo. Apple Music ni -16 ukiwasha kisawazishi chake. Masta yako ikiwa -6, wanaishusha desibeli 8. Vilele ulivyovisukumia darini kwa jasho sasa vimekaa desibeli 8 chini ya dari, na nafasi yote ile juu yao ni hewa. Jirani yako aliyeiacha masta yake -14 snea zake zinaitumia hewa hiyo. Mnasikika sawa kwa ukubwa, ila yeye ana nyundo na wewe umebaki na ukuta. Redio nako ni hivyo hivyo: kituo kina mashine yake inayobana kila kinachopita, na ukiipelekea kitu kilichokwishakatwa, inakitafuna vibaya zaidi.

Hesabu haina kasoro. Ila iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kupanda bajaji kutoka Raskazone kwenda Chumbageni na spika nyuma ya siti. Muziki huku kwetu unatembea kwa flashi, kwa kadi ya simu, kwa kurushiana WhatsApp. Hapo hakuna anayesawazisha chochote. Nyimbo zimepangwa moja baada ya nyingine, singeli, bongo fleva, kaswida, kisha wimbo wenu wa roki mpole wenye DR13, na dereva anadhani spika imekufa. Anaruka. Si kwa sababu hana sikio. Injini yake inanguruma, ubeti wenu wa kunong'ona umezikwa humo, na kilichobaki ni snea zinazotokeza moja moja kama mtu anagonga mlango. Nyumbani kuna pangaboi. Gengeni kuna jenereta. Kubana kunawafaa watu wanaosikiliza katika makelele, na sisi ndio watu hao. Wanaoandika miongozo ya masta wanasikiliza kwenye vyumba vilivyotulia. Changu nimekijaza nyuzi za mkonge kwenye paneli za mbao, kimetulia vizuri tu, na ndiyo maana siku hizi siamini uamuzi wangu wowote mpaka nimetoka nje ya mlango na kusikiliza ndani ya bajaji ya jirani yangu, mzee mwenye heshima zake ambaye hapendi roki hata kidogo na huniambia ukweli.

Kuna aibu moja nyingine niitoe. Mwaka jana nilijipima. Nilichukua nyimbo kumi za roki, kila moja masta mbili, moja imebanwa sana na nyingine kidogo, nikazisawazisha ukubwa kwa sehemu ya kumi ya desibeli. Hilo la kusawazisha ndilo watu wanaloruka, na bila hilo hujafanya jaribio, umefanya mchezo. Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba tukiongeza sauti tunasikia besi na vya juu vizuri zaidi, kwa hiyo kilicho kikubwa kwa desibeli moja tu kinaonekana kinono na kisafi, na utaapa kwamba umesikia ubora. Nikamwomba mdogo wangu azichanganye bila kuniambia ipi ni ipi. Nilitarajia kupata kumi kwa kumi. Nilipata sita. Sita, na mimi ndiyo kazi yangu, na nne nilizokosea, mbili kati yake nilisema kwa kujiamini kabisa. Kwenye nyimbo zenye ngoma wazi sikukosea hata mara moja. Kwenye zile za ukuta wa gitaa toka mwanzo hadi mwisho, nilikuwa nabahatisha kama mcheza bahati nasibu.

Tokea siku hiyo nina maswali mawili tu. Snea bado inapiga? Kiitikio kikiingia, chumba kinakua? Vikiwepo vyote viwili, iwe tofali, iwe nungunungu, mimi naandika jina langu chini yake. Na vilele naviacha desibeli 1 chini ya dari ili vikigeuzwa kuwa faili dogo visimwagike.

Turudi kwa kijana wangu wa jana. Sikubishana naye. Nilikaa tena, nikatoa masta mbili za albamu yake yote ya nyimbo tisa, ile ya tofali na nyingine niliyoilegeza desibeli 5, nikazilinganisha ukubwa, nikaziita A na B, nikawatumia bendi nzima na sharti moja: hakuna kufungua kwenye programu, sikilizeni kwenye bajaji na kwenye hedifoni, halafu kila mtu aniandikie peke yake bila kuulizana.

Majibu yameingia leo mchana. Nyimbo tano wamechagua B, nyimbo tatu A. B ndiyo tofali. Yeye mwenyewe, wa "dada umetuua", wimbo ule ule alionitumia picha yake amechagua tofali na ameandika "hii ngoma imefunguka zaidi". Bado sijamwambia.

Wimbo wa saba hawajakubaliana, na hapo wako sahihi, kwa sababu mimi pia sijakubali. Snea yake imekufa kwenye A na imekufa kwenye B, na nimegundua kwamba ilikuja imekufa. Nimemwomba mpiga ngoma aende kwa aliyemiksi wafungue upya, wazime ile limita, waniletee. Amesema Ijumaa baada ya swala.